Treni ya Kwanza ya Mtoto: Mnunue Ipi, na ni ya Nani Hasa?

Boksi kubwa la treni ya umeme linavutia macho dukani. Lakini kabla baba na mama hamjafungua pochi, kaeni chini muulizane maswali kadhaa.

Ukiwa Mtwara mjini, mwambie bodaboda akupeleke Reli. Atakupeleka bila kuuliza mara mbili, maana Reli ni kata inayojulikana ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani. Utakuta nyumba, maduka, akina mama na biashara zao, watoto wakitoka shule. Kitu kimoja tu hutakiona hata ukizunguka hadi jua lizame: treni. Treni ziliacha kutembea Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli yenyewe iking'olewa, na jina likabaki.

Sasa, mpenzi msomaji, jiweke kwenye viatu vya mzazi wa mji huu ambaye mtoto wake wa miaka mitano amekwenda likizo, amepanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na amerudi na wimbo mmoja asubuhi na jioni: treni, treni, treni!

Mtoto wa Msimbati, au wa vijiji vya huko mto Ruvuma unakoingia baharini, akitaka chombo cha kuchezea hahangaiki. Anatafuta kipande cha mti mwepesi, anasimamisha kijiti kama mlingoti, anafunga kinailoni kama tanga, na dau lake linaelea. Vyombo vyenyewe anaviona kila siku. Mtoto wa mjini naye anakunja waya, anakata ndala kuukuu kupata magurudumu, gari hilo barabarani. Lakini treni ataiigia wapi? Hapo ndipo wazazi tunapokimbilia dukani, na ugomvi mtamu wa ndani ya nyumba unapoanza.

Nauita mtamu kwa sababu haugombaniwi pesa ya kodi wala meseji za ajabu kwenye simu. Lakini usidhani ni ugomvi mdogo.

NYUMBANI KWETU

Mume wangu kazi yake ni ya korosho. Msimu ukifunguka Oktoba na minada ikaanza, anaishi barabarani: leo Newala, kesho Tandahimba, keshokutwa Masasi. Nyumbani tunamwona kwa bahati, Jumapili moja moja. Mimi nahariri kurasa hizi nikiwa hapa hapa Mtwara, kompyuta mezani, mtoto pembeni.

Binti yetu aliporudi kutoka Dodoma, likizo ya Juni 2025, hakutaka kusikia habari ya mdoli. Alikuwa amepanda ile treni yenye pua ndefu ambayo Watanzania wameibatiza "mchongoko", na aliitaka ya kwake. Wifi yangu mmoja akashangaa: "Wifi, treni kwa mtoto wa kike ya nini?" Nikamwambia, "Wifi, mwenzio mchongoko ameshaupanda. Wewe bado." Tukacheka, yakaisha.

Kwa baba yake hayakuisha. Msimu ulipoanza alinipigia simu kutoka Tandahimba, sauti imejaa furaha. "Mke wangu, safari hii mtoto anapata treni ya ukweli. Ya umeme, ina transfoma yake, stesheni, madaraja, kila kitu." Akanitumia na picha: treni ya Kiingereza ya moshi, nyeusi, inang'aa, na bei ambayo hata kwa pesa ya msimu ilinifanya nikae chini. Nilimjibu kwamba mtoto ana miaka mitano, kwamba sakafu yetu ina mchanga mwaka mzima, na kwamba sijui nani atakayeifunga hiyo transfoma yeye akiwa safarini. Akasema, "Sawa, kama unavyotaka." Wenye ndoa mnaijua hiyo "sawa". Tulikaa nayo karibu wiki tatu.

Halafu jioni moja alipiga simu, binti akaidaka. Siku zote swali lake la kwanza lilikuwa, "Baba, uko wapi?" Siku hiyo aliuliza, "Baba, treni iko wapi?" Akasikiliza jibu, akanirudishia simu, akaendelea na mambo yake. Upande wa pili kimya. Baadaye mume wangu akauliza taratibu, "Umemsikia?" Nilikuwa nimemsikia.

Tangu jioni ile tuliacha kubishana kuhusu ukubwa wa boksi. Tukaanza kuulizana mtoto atacheza na nani, na siku gani. Ukilianza jambo hili kwa swali hilo, kuchagua treni kunakuwa rahisi kuliko unavyofikiri.

SOMO LA KARANGA

Baba mkwe wangu anakaribia miaka themanini na treni ya Kusini aliiona kwa macho yake akiwa mtoto. Alipokuja kutusalimia na kukuta mjadala huu, alicheka kwanza. Kisha akasema, "Lile gari moshi, mwanangu, lilikuja kwa ajili ya karanga. Karanga zenyewe hazikuja."

Kwa wale ambao historia waliiacha darasani, kisa ni hiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa kishindo, mipango ikizungumzia ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza 1947, na maeneo yaliyochaguliwa yakawa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Huku Kusini ikabidi ijengwe reli ya kutoka Nachingwea hadi pwani, na bandari ya maji marefu hapa Mtwara. Tatizo ni kwamba mashine zilinunuliwa kabla udongo na mvua havijajaribiwa vya kutosha. Kule Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, matrekta yakafa, mvua ikagoma. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimekwenda na maji. Bandari ilibaki, na leo inapakia korosho. Reli haikupata mzigo wa kuilisha, ikafungwa.

Unaona tunakoelekea? Wazazi wengi tunanunua treni ya mtoto kama Waingereza walivyolima karanga. Tunaagiza madaraja, stesheni na vichwa vitatu vya treni kabla hatujajua kama mtoto anapenda kupanga reli, au anapenda tu kusukuma behewa na kupiga honi kwa mdomo. Seti ya kuanzia kazi yake ni kuujaribu udongo: duara moja, kichwa kimoja, mabehewa mawili. Karanga zikiota, ndipo ujenge bandari.

UMRI KWANZA, RANGI BAADAYE

Chini ya miaka mitatu. Mtoto wa umri huu kila kitu anakionja. Usimpe chochote chenye vipande vidogo au sumaku inayoweza kuchomoka. Treni za matofali makubwa ya plastiki kama LEGO DUPLO, au behewa kubwa la mbao la kuvuta kwa kamba, zinamtosha kabisa.

Miaka mitatu hadi mitano. Hapa mfalme ni treni ya mbao. Kampuni ya BRIO ya Sweden ilianza kuuza reli za mbao 1958, na tangu hapo watengenezaji wengi, IKEA wakiwemo, wametengeneza reli zenye upana unaokaribiana, kwa hiyo vipande vya kampuni tofauti mara nyingi huungana. Haina waya wala umeme. Reli ina mifereji miwili ya magurudumu, kipande kimoja kina ulimi na kingine kina tundu, na mtoto anaviunga mwenyewe. Mabehewa hushikana kwa sumaku. Siku ya kwanza binti yetu alipogundua kwamba upande mmoja unavuta na mwingine unasukuma, alikaa nusu saa nzima akigeuza behewa moja. Sikumweleza kitu. Alikuja kunieleza yeye.

Miaka mitano hadi saba. Treni ya betri inaingia. Wajapani wana Plarail, treni za plastiki zenye reli ya buluu ambazo zimekuwepo tangu 1959. Nyingi zinaiga treni za mwendokasi za kwao, na mtoto aliyepanda mchongoko ataiona ile pua atabasamu. Reli ni nyepesi, inaungwa kwa kubonyeza tu, na treni ikiacha njia hakuna kinachovunjika. Pia kuna vichwa vidogo vya betri vinavyotembea juu ya reli za mbao, kwa hiyo aliyeanza na mbao hatupi alichonacho.

Miaka minane na kuendelea. Sasa ndiyo unaweza kuzungumzia treni ya umeme hasa, za akina Hornby wa Uingereza, walioanza treni 1920, au Märklin wa Ujerumani. Hizi ni mifano iliyotengenezwa kwa vipimo, yenye vishikio vyembamba na magurudumu ambayo lazima uyakalishe barabara kwenye reli. Mtoto wa miaka mitano atayang'ang'ania, atashindwa, atamwita mkubwa. Mkubwa akiwa Tandahimba, boksi linarudi juu ya kabati.

Umri ulioandikwa kwenye boksi uuheshimu. Ule haupimi akili ya mtoto. Mara nyingi unahusu usalama na ustadi wa vidole.

ZILE NAMBA ZA KWENYE BOKSI

Ukifika kwenye treni za umeme utakutana na herufi na namba zinazotisha: HO, OO, N, 1:87, 1:160. Usiogope, ni hesabu ya kugawanya tu.

1:87 maana yake treni halisi imepunguzwa mara 87. Chukua reli ya SGR yetu: upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1435. Igawe kwa 87, unapata milimita 16.5. Huo ndio upana wa reli ya HO, kipimo kinachotumika sana duniani. OO ya Waingereza inatembea juu ya reli hiyo hiyo ya 16.5, ila treni zake ni kubwa kidogo, 1:76. N ni ndogo zaidi, 1:160, reli yake milimita 9. Inafaa nyumba ndogo lakini haifai vidole vidogo.

Mtoto akikua, hesabu hiyo ifanyeni naye. Mwonyeshe kwamba reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1000, na ya TAZARA 1067, ndiyo maana treni ya TAZARA haiwezi kuhamia tu kwenye reli nyingine. Na huku Mtwara, ambako mpango wa reli ya kwenda Mbamba Bay umezungumzwa miaka mingi, mtoto ana haki ya kuuliza yetu itakuwa na upana gani.

Jambo moja msitegemee: karibu seti zote za kuanzia zinaiga treni za Ulaya, Marekani au Japani. Rangi za kwetu mtazipaka wenyewe, na nakwambia hiyo ni Jumamosi nzima ya furaha.

Pimeni na nafasi. Duara dogo la Hornby lina upana wa sentimita 74 hivi, kutoka katikati ya reli hadi katikati ya reli ya upande wa pili. Ongeza pembezoni ili treni isidondoke, unahitaji meza ya karibu sentimita 90. Pima meza yako ya kulia chakula kabla hujaagiza, halafu jiulize mtakula wapi.

CHUMVI, MCHANGA NA UMEME

Haya hayaandikwi kwenye boksi, kwa sababu aliyeandika boksi hajawahi kuishi Shangani.

Katika treni ya umeme, umeme mdogo, kwa kawaida volti 12, unapita ndani ya reli zenyewe, unaingia kwenye magurudumu, unafika kwenye mota. Kitu chochote kikikaa kati ya reli na gurudumu, treni inasimama. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na reli za bei rahisi za chuma zinashika kutu haraka. Zile za madini ya nikeli hazishiki kutu ile nyekundu, ila zinafubaa na zinahitaji kupanguswa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Mchanga nao ukiingia kwenye meno ya giabobksi ndogo ya treni, umeisaga. Kwa hiyo ya umeme ikae mezani, isiguse sakafu, na ikimaliza kazi ifunikwe kwa kanga.

Angalia na plagi. Seti iliyonunuliwa Uingereza ina plagi ya pini tatu bapa kama soketi zetu, na umeme wao unaendana na wetu. Ya Marekani mara nyingi imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka hapa kama ilivyo, utaunguza adapta, na pengine zaidi ya adapta. Kama adapta imeandikwa 100–240V, uko salama, unahitaji tu plagi ya kubadilishia. Ndugu yako aliyeko nje akikuuliza "niwaletee nini?", mtumie sentensi hiyo.

Na umeme ukikatika saa moja jioni, treni ya mbao haina habari. Inaendelea na safari kwa taa ya simu.

FUNDI WA MTAANI ANAWEZA

Sisi tulianza na seti ndogo ya mbao: duara, kidaraja, kichwa kimoja na mabehewa mawili. Ilitoka Dar kwenye basi ndani ya mfuko wa kawaida tu. Baada ya mwezi binti akawa anataka reli ifike hadi chumbani kwa babu. Badala ya kuagiza tena, nilichukua kipande kimoja kilichonyooka nikampelekea fundi seremala wa hapa jirani.

Mkoa huu una watu wanaojua mbao. Wamakonde wamejulikana duniani kwa kuchonga mpingo. Lakini kwa treni ya mtoto usiombe mpingo: ni mzito, ni mgumu, na ni ghali. Mabaki ya mninga kutoka kwa fundi wa makochi yanatosha. Yetu yalipatikana kwa bei ya kuzungumza, vipande kumi na viwili, na fundi alikataa kuamini kwamba kazi ni hiyo tu. "Dada, hii treni kweli itapita?" Ikapita.

Ukienda kwa fundi, zingatia haya. Mwachie kipande cha mfano, usimpe vipimo kwa mdomo. Mwambie ulimi na tundu viache nafasi kidogo, kwa sababu mvua za Desemba hadi Aprili zinavimbisha mbao na vipande vitakwama. Msasa upigwe hadi kiganja kisikwaruzwe. Rangi usikubali yoyote iliyobaki kwenye karakana, maana rangi nyingine zina madini ya risasi ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Bora mbao ibaki bila rangi. Na mafuta ya ganda la korosho yasiguse kitu cha mtoto, yanababua ngozi. Wanaobangua korosho wanajua.

Leo reli inatoka sebuleni, inapita chini ya kiti, inaishia mlangoni kwa babu. Akija kukaa kwetu, mzee anapigiwa hodi na stesheni masta wa miaka mitano: "Babu, treni imefika, una tiketi?" Naye anajibu, "Mchumba wangu, mimi nalipa kwa karanga." Mtoto anadai nauli, mzee anatoa karanga kweli, za kukaanga, kwenye mfuko wa koti. Na hapo ndipo anapokumbuka, kidogo kidogo, mambo ya treni ile ambayo hata mwanawe hakuwahi kuyasikia.

KAENI WAWILI KWANZA

Kabla ya duka, zungumzeni haya. Yazungumzeni uso kwa uso kama inawezekana, meseji zinapotosha sauti.

Nani atakaa sakafuni? Tajeni siku. Sisi tulikubaliana kwamba kila Jumapili baba akiwa nyumbani, saa moja ni ya reli, simu ya minada ikae chumbani. Akiwa safarini, anapiga simu ya video na binti anamwendeshea treni mbele ya kamera. Siku hizi maswali yote mawili yanaulizwa: "Baba, uko wapi?" na "Utakuja na daraja?"

Itakaa wapi? Kama kila jioni lazima ivunjwe ili watu wapite, nunueni ile inayojengwa haraka. Treni inayochukua saa nzima kuitandika haitatandikwa.

Shilingi ngapi leo, na ngapi baadaye? Pesa ya msimu ina tabia ya kutaka kumalizika kwa siku moja. Igaweni. Nusu inunue seti ndogo, nusu isubiri. Sikukuu ya Iddi, Krismasi, siku ya kuzaliwa, kila moja ilete kipande. Hata shangazi na bamdogo wanaweza kuambiwa: msilete soda, leteni behewa.

Ni ya mtoto au ya baba? Hili liulizeni kwa upole. Mume wangu alikulia Mtwara isiyo na treni, akisikia hadithi za baba yake. Ile treni nyeusi ya Kiingereza ilikuwa ndoto yake mwenyewe, na kuwa na ndoto si kosa. Tulikubaliana kwamba ataiwekea akiba yake taratibu, na itakuja binti akifika miaka minane, iwe ya wote wawili. Huko Uingereza seti kama ile inaweza kuanzia kwenye pauni mia moja hivi na kupanda, bila usafiri, ushuru na VAT. Miaka mitatu ni muda mzuri wa kuidunduliza.

KABLA HUJALIPA

1. Soma umri kwenye boksi, halafu mwangalie mtoto wako, usiangalie wa jirani.

2. Hakikisha kuna reli za kutosha kufunga duara. Reli iliyonyooka peke yake inachosha haraka.

3. Uliza kama vipande vya ziada vinauzwa, na kama vinaungana na vya kampuni nyingine.

4. Tikisa mabehewa na vuta sumaku kwa kucha. Ikichezacheza, acha hapo. Sumaku mbili zikimezwa zinaweza kubana utumbo na kuutoboa.

5. Fungua kifuniko cha betri. Lazima kiwe na skrubu. Betri bapa kama kifungo, zile za rimoti ndogo, ni hatari kubwa: ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ukihisi mtoto amemeza, usingoje dalili, kimbilia hospitali.

6. Nusa. Plastiki yenye harufu kali ya rangi au kemikali iache dukani.

7. Kwa treni ya umeme, soma volti za adapta kabla ya kusoma bei.

8. Omba muuzaji aiwashe mbele yako. Huko Kariakoo msongamano ni mkubwa na kurudi Mtwara ni safari ya kutwa nzima. Hutarudi kubadilisha.

Mkimaliza orodha hiyo na bado mna mashaka, chukueni ile ndogo zaidi kati ya mbili mnazobishania. Mtoto akiipenda, duka halihami. Asipoipenda, mtampatia binamu yake moyo ukiwa mweupe, na pesa iliyobaki itafanya jambo jingine.

Kazi kwenu, baba na mama. Na mkishainunua, simu iwekeni mbali, mkae chini, mtoto apange reli yeye mwenyewe. Nyinyi kuweni abiria.